Taa Iliyozimwa

Mwezi Agosti mwaka 2018, nikiwa masomoni kaskazini mwa Uingereza, nilialikwa na mjomba wangu tuzuru Ufaransa kwa gari-nyumba. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona, hili ni gari lenye kitanda, jiko, sinki na choo ndani yake. Msafiri hulala humo humo, mfano wa kobe na gamba lake. Mjomba alikuwa amelinunua likiwa kuukuu baada ya kustaafu. Kabla ya kuhamia ughaibuni alikuwa fundi wa umeme mjini Mombasa, na hadi leo haendi popote bila bisibisi yake ya kupimia umeme, ile ambayo mafundi wetu huiita testa, yenye kitaa kidogo ndani ya mpini kinachowaka inapogusa palipo na umeme. Nilizoea kumcheka kwa hilo. Nimekoma.

Tulivuka kutoka Dover hadi Calais kwa feri, safari ya saa moja na nusu hivi, kisha tukashika njia ya kusini. Sitamchosha msomaji kwa habari za kuendesha upande wa kulia wa barabara ilhali usukani nao uko kulia. Jioni ya siku ya pili tuliwasili Saumur, mji ulio kando ya mto Loire, wenye ngome ya mawe meupe juu ya kilima. Tukapata nafasi katika kambi moja ya wasafiri chini ya miti.

Katika kambi za namna hiyo, kila gari huegeshwa karibu na nguzo fupi yenye kisanduku cha umeme. Mjomba aliukunjua waya wetu wote, kwa maana waya ulioachwa kwenye gurudumu lake hupata joto, akaunganisha upande wa gari kwanza kisha upande wa kisanduku. Tulikuwa tumelipia ampia 6. Kwa volti 230 hizo ni wati 1,380 tu, na sisi kwa pupa yetu ya chai tukawasha birika la wati 2,000. Kabla maji hayajachemka, swichi ya kisanduku ikakata. Tulicheka, tukaiwasha upya, chai tukaipika kwa gesi. Mbali na hilo, kila kitu kilifanya kazi barabara. Jokofu lilinguruma na taa ya mezani ikamulika. Nani angeshuku lolote?

Usiku taa ile ilianza kufifia na kurudi. Mjomba alijua ugonjwa wake: moja kati ya pini mbili ndogo zinazogusa kitako cha balbu ilikuwa imekwama ndani. Alizima swichi ya soketi kama alivyofanya mara elfu katika maisha yake, akaichomoa balbu iliyopoa, akaegemeza mkono wa kushoto kwenye sinki la chuma ili asiyumbe. Plagi hakuing'oa, hakuona haja. Kidole chake kilikuwa karibu kuingia katika tundu la taa ili aivute ile pini, ndipo akasita. Sijui nini kilimsitisha. Yeye husema ni mazoea ya mwalimu wake wa ufundi. Alichukua testa, akagusa pini ya kwanza. Giza. Akagusa ya pili.

Kitaa kikawaka chekundu.

"Usiguse kitu, mpwa wangu," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alitoka nje, akakata umeme kwenye nguzo, akarudi, akaketi. Kwa muda mrefu hakusema neno. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa juu ya sinki. Chuma chote cha gari lile kimeunganishwa na ardhi. Kidole kwenye pini, kiganja kwenye sinki, na kati ya hivyo viwili, kifua cha mtu mwenye miaka sitini na minane.

Asubuhi alinieleza kisa na maana. Waya wa umeme wa nyumbani una nyuzi tatu: wa kahawia unaoleta umeme, wa buluu unaourudisha, na wa kijani na manjano unaokwenda ardhini. Uingereza, kama hapa kwetu Kenya tuliorithi plagi yao ya pini tatu za mraba, swichi nyingi hukata uzi mmoja tu, ule unaoleta. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi nayo hulinda uzi huo huo. Mpango huu ni salama maadamu kila uzi umekaa mahali pake. Zikibadilishana nafasi huko nguzoni, taa huwaka vilevile na jokofu hupoa vilevile, lakini swichi hukata njia ya kurudi ilhali ile ya kuletea imebaki wazi hadi ndani ya kifaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata kile kifaa cha garini kinachokata umeme unapovuja hakilalamiki, kwa sababu kazi yake ni kulinganisha kinachokwenda na kinachorudi, na hapo viwili hivyo viko sawa. Huenda kingekata baada ya mjomba kuguswa. Mimi nisingependa kukijaribu kwa mjomba wangu.

Tulipomwendea msimamizi wa kambi alituinulia mabega kwa adabu, na kwa haki hakuwa na kosa. Katika nchi nyingi za bara Ulaya swichi za usalama hukata nyuzi zote mbili kwa pamoja, na plagi ya Kijerumani huingia kwa upande wowote ule. Kwao suala hilo halipo. Hatari tulikuwa tumeibeba wenyewe ndani ya gari letu.

Hapa niungame jambo kama mwanafunzi wa lugha. Nilijaribu kuiandika hali ile kwa Kiswahili sanifu katika daftari langu, nikajaza mstari na nusu wa "mageuko ya nafasi za nyaya". Mjomba alisoma, akasema, "Laivu imekaa mahali pa nyutro." Nikafuta mstari wangu.

Tiba ilikuwa nyepesi. Katika sanduku lake la vifaa mlikuwa na plagi na soketi ya buluu za kambini, na kipande cha waya kisichozidi nusu mita. Aliviunganisha, upande mmoja akaubadilisha uzi wa kahawia na wa buluu, ule wa ardhini hakuugusa. Kipande hicho tukakichomeka kati ya nguzo na waya wetu. Testa ikakaa giza kwenye pini zote mbili swichi ilipozimwa. Lakini dawa hii ni sumu pale ambapo hapana ugonjwa: katika kambi iliyofuata nyaya zilikuwa sawa, na lau tungekitumia bila kupima, tungejitengenezea wenyewe hatari ile ile. Kwa hiyo alikizungushia utepe mwekundu ncha zote mbili, akanipa kalamu niandike onyo. Niliandika kwa herufi kubwa: NYAYA ZIMEPINDULIWA. PIMA KWANZA. Tuliporudi Uingereza alinunua na kipimo cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi, na siku hizi hupima kabla hata ya kufungua dirisha.

Jioni ile ya Saumur mama alipiga simu kutoka nyumbani kumjulia hali kaka yake. Mjomba alimsimulia habari za ngome, mto na mkate wa Kifaransa, kisha akanipa simu huku ameweka kidole midomoni. Nami nikasifu mkate. Mama huyasoma majarida haya ninapomletea. Nadhani nakala hii nitachelewa kidogo kuifikisha.