Vijana Wanaokimbia Alfajiri: Tunajibu Maswali ya Wazazi

Sisi ni kikundi cha vijana wa kiume wa hapa Nyarugusu. Wengi wetu asili yetu ni Fizi, Uvira na Bukavu, na wachache ni ndugu zetu wa Burundi. Tumeona tuandike kidogo juu ya mazoezi tunayofanya, kwa sababu wazazi wamekuwa wakiulizana visimani: hawa watoto wanakimbia gizani wanakwenda wapi? Wengine wamefika mpaka kusema tunajiandaa kwa vita.

Hapana jamani. Lakini tunaelewa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita, na mzee aliyetembea kutoka Fizi akavuka ziwa na watoto mgongoni, akisikia miguu mingi ya vijana kabla jua halijatoka, moyo lazima umstuke. Kwa hiyo mchakamchaka wetu hauna nyimbo mpaka kupambazuke. Huku Kigoma jua linachelewa, saa kumi na mbili bado kuna kiza, basi tunakimbia kimya na tunaanza kuimba tukiwa tunarudi.

Sasa sababu. Kijana wa kambini haumwi kwa kuchoka, anaumwa kwa kutochoka. Kutoka nje ya kambi kunataka kibali, kazi ya mshahara ni ya kubahatisha, shamba hakuna, na aliyemaliza sekondari anakaa na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kenchi. Asubuhi anakaa chini ya mti, mchana anakaa chini ya mti uleule upande wa pili kufuata kivuli. Usiku mwili haujafanya lolote, kwa hiyo usingizi haushiki, na mawazo ndiyo yanapata nafasi. Aliyelala saa tisa usiku ataamka saa nne, na siku imekwisha kabla haijaanza. Ukiona kijana wa namna hiyo usikimbilie kumwita mvivu. Kuamka mapema kwa ajili ya watu wanaokungoja uwanjani ni dawa ya kwanza, hata kabla hujapiga pushapu moja.

Mazoezi yetu hayahitaji fedha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunafanya ya nguvu, na Ijumaa tunamaliza mapema ili wenzetu Waislamu wajiandae. Jumanne na Alhamisi tunakimbia taratibu, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi. Jumamosi ndugu Wasabato wako ibadani, Jumapili wengine wote, basi mwili unapumzika siku mbili, na hiyo ni sehemu ya mazoezi. Msuli haukui wakati unaponyanyua, unakua ukilala. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kuimarisha misuli mara mbili. Sisi tunazipata bila hata kuzihesabu.

Anayeanza tunamwanzisha pushapu za ukutani, akizoea anaweka mikono kwenye benchi, kisha chini. Kuchuchumaa na kusimama, polepole, visigino vikiwa chini. Kichurachura tunakiacha kwa wenye magoti mazima. Vyuma vyetu ni makopo ya mafuta ya lita 4: tunachanganya saruji, mchanga na kokoto, tunajaza, tunachomeka mti imara kopo moja kila upande, tunaacha wiki nzima pakauke. Kopo moja linatoka karibu kilo 9. Msilichukue kabla halijakauka, likimwagukia mguuni utajuta!

Halafu kuna dumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na kulibeba kutoka bombani hadi nyumbani kwa mkono wa kulia, kisha kurudia kwa mkono wa kushoto, kunajenga mgongo, mabega na mshiko kuliko kopo lolote. Tunajua inavyosemwa, eti kubeba maji ni kazi ya wasichana. Wiki za kwanza tulichekwa sana pale bombani, mama mmoja akatuuliza kama dada zetu wote wameolewa. Sasa hivi hatuchekwi, tunapangiwa foleni. Ni kitu cha ajabu kidogo kwamba kijana anatafuta jiwe la kunyanyua huku mama yake mwenye miaka 50 anapita na dumu kichwani, na sisi tunasema hilo bila kumung'unya maneno.

Jambo la viatu: wengi tunakimbia na yeboyebo, na asiyekuwa nazo tunamwambia akimbie kwenye barabara kuu, siyo pembeni kwenye majani karibu na vyoo. Minyoo ya safura inaingia kwa ngozi ya mguu, inakunywa damu tumboni, na kijana mwenye safura atafanya mazoezi mwaka mzima bila kuona nguvu. Na mtu mwenye homa haji uwanjani. Aende kupima malaria kwanza, amalize dawa, apumzike mpaka chakula kirudi kuwa kitamu mdomoni.

Kuhusu chakula hatuwezi kudanganya. Kiwango kinachotumika katika misaada ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kila mama anajua kwamba mgao wetu umepunguzwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mwezi mgao ukiwa mdogo tunapunguza mbio, tunabaki na mazoezi mafupi ya nguvu. Kukimbia kilomita 10 na tumbo tupu siyo ushujaa, ni kula mwili wako mwenyewe. Kilichopo tukipange vizuri. Ugali peke yake hauna kila kitu msuli unachohitaji, maharage au njegere peke yake vilevile, lakini vikikutana sahani moja vinakamilishana, kile ambacho mahindi hayana maharage yanacho. Sombe ya mama zetu, lengalenga, matembele, vyote vinaota hata kwenye gunia lililojazwa udongo nyuma ya nyumba. Sombe itwangwe na ichemke sana, ile sumu ya muhogo itoke. Ukipata dagaa wa Kigoma, hata wa mkono mmoja kwa wiki, watie kwenye maharage, wasiliwe na baba peke yake.

Hapa tunataka kusimama kidogo, maana kuna kitu kinatuudhi. Kuna vidonge vinavyouzwa kwa kificho, vinaitwa vya kuongeza mwili. Wasichana wanavitaka wanenepe, na vijana wa kiume wanavitaka watoke kifua. Vingi vya aina hiyo, huku na huko Kongo pia, huwa ni deksamethasoni au siproheptadini. Ya kwanza ni dawa kali ya hospitali. Ikimezwa kiholela inajaza uso maji na mafuta, mtu anajiona amenawiri, kumbe ndani misuli na mifupa inadhoofika, sukari ya damu inapanda, na kinga ya kupigana na magonjwa inashuka. Ubaya zaidi, aliyeimeza kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuanguka, hata kufa, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo zimesahau kazi yake. Mwenye kuvitumia asivitupe leo kwa hasira baada ya kusoma hapa. Aende kliniki aseme ukweli, wamshushe kidogo kidogo. Ya pili inaleta usingizi na njaa, ndiyo uzito wote huo, haijengi msuli hata mmoja. Kifua cha pushapu kinachelewa, miezi mitatu, minne, lakini hakuna anayekiuza kwenye kikaratasi.

Sasa habari ya akili, ambayo ndiyo ngumu kuandika.

Kuna mwenzetu mmoja, hatutamtaja, aliyekuwa wa kwanza uwanjani kila siku. Familia yake ilishapita mahojiano yote ya kupelekwa nchi ya tatu, vipimo vya afya vya safari vimefanyika, wameshagawa sufuria na kuuza kuku. Mwanzoni mwa mwaka 2025 safari zikasimamishwa. Wakarudi kununua sufuria. Yeye hakulia, hakugombana na mtu, akasema tu "ni mapenzi ya Mungu", na majirani wakamsifu kwamba ni mwanaume kweli. Wiki iliyofuata akakosa mazoezi siku moja, kisha mbili, kisha hatukumwona kabisa. Akaanza kulala mchana na kukesha usiku. Aliyekuwa hanywi akaanza kuonekana kule wanakouza gongo. Watu wakagawanyika, hawa wanasema amerogwa, wale wanasema ni uvivu.

Tulikwenda kwake jioni, wawili wawili, siyo kundi zima, maana kundi linamfanya mtu ajione yuko mahakamani. Hatukumhubiria. Jioni ya kwanza tulikaa naye tukachambua maharage ya mama yake, tukaondoka. Ya pili vilevile. Ya nne ndiyo alizungumza, na aliyoyasema hayawezi kuandikwa kwenye jarida la familia, isipokuwa hili: alikuwa amefika mahali anaona kesho haina kazi naye. Mmoja wetu alimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuna wanaoogopa swali hilo wakidhani linampandikizia mtu wazo. Halipandikizi. Linamfungulia mlango wa kusema. Alijibu ndiyo. Usiku ule hatukumwacha peke yake, mama yake akaweka mbali kamba na dawa, na asubuhi tukamsindikiza kwa mshauri wa kliniki, tukakaa nje mpaka alipotoka.

Mama yake alituambia neno kwa Kiswahili chetu cha kule: "Bana yangu, ule mutoto alikuwa ananyamaza, nikasema ni nguvu. Kumbe alikuwa anazama." Tumeshalifikiria sana neno hilo. Sisi vijana wa kiume tumelelewa kwamba nguvu ni kunyamaza, na wote tuna majina ya watu walionyamaza hadi mwisho.

Mazoezi yanasaidia huzuni, hilo limeshaonekana kwa uchunguzi wa madaktari, lakini hayatoshi peke yake kwa mtu aliyefika pale. Gongo ndiyo kabisa, inakulaza haraka halafu inakuamsha saa nane usiku na moyo ukidunda, mawazo yamezidi. Mazungumzo yanafanya kazi. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, bibi wa mitaani wamefundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mwenye mawazo mengi, hatua kwa hatua, tatizo moja kwa wakati. Kazi hiyo ilianzishwa na daktari wa akili anayeitwa Dixon Chibanda, na matokeo yake yalipimwa na kuchapishwa mwaka 2016, yakaonekana mazuri. Bibi sisi tunao wengi, na benchi tunaweza kupiga misumari wenyewe. Wazee wa kijiji wakitaka, tuko tayari kwa mbao.

Yule mwenzetu anakuja siku nyingine, siku nyingine haji. Asipokuja, mtu mmoja anapitia kwake na dumu, wanakwenda bombani pamoja. Hayo ndiyo makubaliano na hatumuulizi zaidi.

Anachopenda kusikia ni habari za Popole Misenga, na tunamsimulia kila mara. Misenga ni mtoto wa Bukavu aliyepoteza familia yake akiwa mdogo kwa ajili ya vita, akajifunza judo Kinshasa, akabaki Brazil mwaka 2013 alipokwenda kushindana. Mwaka 2016 akaingia kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio pamoja na timu ya kwanza ya wakimbizi, watu 10, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma huko Kenya. Alishinda pambano la kwanza, akashindwa la pili na bingwa wa dunia kutoka Korea Kusini, na uwanja mzima ukamshangilia. Katika judo, somo la kwanza mwanafunzi analofundishwa siyo kumwangusha mtu. Ni kuanguka: kukunja kidevu, kupiga mkono chini, kubingirika, kusimama. Tunalifanya kwenye mchanga kila Jumatano, na watoto wadogo wanakuja kutuiga.

Wazazi mnaotaka kuleta vijana wenu, tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri uwanja wa mpira. Umri ni kuanzia miaka 15, wa chini ya hapo waje jioni. Wasichana wameomba kikundi chao na dada mmoja amekubali kukiongoza, bado tunatafuta saa ambayo hawatakuwa bombani. Na mwenye kopo la mafuta lililokwisha asilitupe, saruji tumeshapata nusu mfuko.