Kutoka Magomeni Hadi Magomeni: Likizo Katika Njia ya Wazee Wetu

Mwaka huu watoto wetu walitamani likizo ya mbali. Mkubwa wao alikuwa ameona katika simu picha za nchi za milima yenye miji ya kale, Yemen na Uhabeshi na Uturuki, akaja kuniuliza kwa adabu kama twaweza kwenda hata moja katika hizo. Nalimjibu kwamba mfuko wa baba yake haufiki huko. Lakini usiku ule, nilipokuwa nimeketi barazani hapa kwetu Magomeni, mjini Kilosa, nikitazama milima ya Rubeho ikimezwa na giza, niliona haya. Nchi ya milima kijana alikuwa amezaliwa ndani yake. Na miji ya kale imo katika njia ipitayo karibu na mlango wetu, wala hapana aliyemwonyesha.

Ndugu msomaji, njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda pwani ilishuka kutoka Mpwapwa ikaivuka milima hii. Tawi moja lilifuata bonde la mto Mkondoa na kutokea huku kwetu. Jingine lilipita Mamboya, katika milima ya Ukaguru. Burton na Speke walipanda Rubeho mwaka 1857 wakiwa wagonjwa. Stanley alipita mwaka 1871 wakati wa masika, na matope ya mbuga ya Makata karibu yammalize yeye na wapagazi wake. Mwaka 2006 Serikali ya Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Mamboya, Mpwapwa na Bagamoyo zimo miongoni mwa vituo vilivyotajwa. Lakini wageni huyajua hayo kuliko sisi tunaoteka maji ya Mkondoa.

Basi tukaketi kupanga, mimi na mama watoto, kwa karatasi na kalamu. Shauri la kwanza lilikuwa majira, na hilo halikuchukua muda, kwani mtu wa Kilosa hahitaji kufundishwa habari za mvua. Hatujasahau Desemba ya mwaka 2009 na Januari iliyofuata, Mkondoa ulipofurika ukaacha maelfu ya watu bila makao na kuikata reli. Tukachagua Juni, shule zifungapo, nchi ikiwa kavu na baridi. Anayekwenda Ukaguru mwezi huo achukue sweta na blanketi. Watu wa bondeni hudharau jambo hili, kisha usiku hulia.

Shauri la pili lilikuwa fedha. Mimi nalikuwa nimeandika Mikumi juu kabisa ya orodha. Mama watoto akaifuta. Akasema Mikumi ni jirani yetu, hifadhi tangu mwaka 1964, na njia kuu iendayo Iringa yapita katikati yake, hata abiria wa basi huona twiga na tembo dirishani bila kulipa kiingilio. Ati tutakwenda siku nyingine. Sikushindana naye, maana mwenye kushika daftari la nyumba ndiye ajuaye.

Mpango uliosalia ni huu. Kutoka Kilosa kwa basi hadi Dumila, kisha kupanda Mamboya, tulale siku mbili kwa jamaa zetu na kutembea mahali misafara ilipopumzika. Halafu kushuka Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Hapo zamani palikuwa na mji wa Kisabengo, uliozungushiwa ukuta, akaurithi binti yake, Simbamwene. Stanley alipouona mwaka 1871 aliusifu kwa ngome yake. Leo ukuta haupo, nami napenda watoto wasimame pale wajionee jinsi mji unavyoweza kuondoka usiache hata jiwe. Kutoka Morogoro tutapanda treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na mji huo mwezi wa Juni 2024, kisha basi la Bagamoyo. Kurudi ni kwa treni hadi stesheni mpya ya Kilosa. Mwenye kupanga hivyo aulize mapema ni treni ipi isimamayo hapo.

Kuna na jambo la sala, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari njiani. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi twahesabu masafa ya kupunguza sala kuwa marhala mbili, yapata kilomita themanini na kitu. Na anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hana ruhusa hiyo tena. Tumenuia Bagamoyo siku tatu. Watoto wamekwisha kufundishwa kwamba Magharibi na Alfajiri hazipungui.

Yote hayo yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa la mama yangu.

Nalimwendea baada ya Alasiri. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Nimeazimia kuwapeleka wajukuu zako Bagamoyo, nasi twapenda uwe pamoja nasi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Tasbihi ikasimama mkononi mwake. "Waenda kuwaonyesha nini huko? Minyororo ya babu yangu?"

Sisi watoto wake tulilelewa kwa neno moja tu, kwamba mzee yule alikuja na msafara. Nalikwisha kuwa mtu mzima nilipoambiwa alikujaje. Alikuwa mtoto aliyechukuliwa kutoka Manyema; miguu ikavimba, akaachwa kando ya Mkondoa kama mzigo usio na faida. Nyumba moja ya Wasagara ikamwokota na kumlea, wala haikumwuza. Ndiyo sababu sisi tu watu wa Kilosa. Mama yangu aliificha habari hii kwa heshima ya nyumba yetu, maana hata baada ya utumwa kupigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, walikuwapo watu wa kuuliza katika posa, "Huyu asili yake ni ipi?"

Sikutaka kumlazimisha. Nilimsimulia tu habari za Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Yeye pia alikuwa mtoto wa Manyema aliyetekwa na kuletwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Alisoma elimu ya dini hata akawa mwalimu, kisha khalifa wa twarika ya Qadiriyya, na watu wakamfuata kutoka mbali, waungwana na wasio waungwana. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walimfanya liwali. Alifariki mwaka 1931. Nikamwambia tutazuru kaburi lake tumwombee dua, na magofu ya Kaole pamoja na msikiti wake wa kale, kisha tutafika ufukweni ambako njia huishia.

Mama alinyamaza muda mrefu. Hatimaye akasema, "Huyo alifika. Babu yangu hakufika." Akaendelea na uradi wake, nami nikaondoka nikidhani nimemwudhi.

Asubuhi alimwita mama watoto akamwuliza kama ndani ya treni mna mahali pa kutia udhu, na kama Bagamoyo ni kweli kuna mtaa unaoitwa Magomeni kama huu wetu. Alipoambiwa ni kweli, upo, alicheka kidogo. Kisha akaniita mimi.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini atakayewaambia watoto ni mimi, tukishafika baharini. Wewe usinitangulie kwa neno lolote, wala Mamboya, wala Morogoro."

Nikakubali. Akafungua ncha ya kanga yake akatoa noti zilizokunjwa, nauli yake mwenyewe, akakataa katakata nisimlipie. Tutaondoka, Inshaallah, Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, kwa basi la asubuhi.