Besi ya Leipzig na besi ya Vienna

Leipzig, katika makumbusho ya ala za muziki ya chuo kikuu, ipo piano iliyotengenezwa na Bartolomeo Cristofori mwaka 1726. Nilikwenda moja kwa moja upande wa kushoto, kwenye nyuzi za besi. Ni waya tupu, mbili mbili kwa kila noti, hazikuzungushiwa chochote. Piano hii ina oktava nne tu, na noti yake ya chini kabisa hutetemeka kama mara 65 kwa sekunde. Waya tupu zinaimudu.

Vienna nikakutana na piano iitwayo Imperial, ya kiwanda cha Bösendorfer: urefu sentimita 290, vitufe 97, oktava nane kamili. Noti yake ya chini kabisa iko oktava mbili chini ya ile ya Cristofori, mitetemo 16 hivi kwa sekunde. Humo ndani besi zote zimevikwa shaba nyekundu, mzunguko juu ya mzunguko, zimebanana hata wembe haupenyi.

Kwa nini shaba? Ukitaka kushusha sauti oktava moja, urefushe uzi mara mbili au uzito wake uwe mara nne. Uzi wa noti ya juu kabisa ya piano una kama sentimita 5. Ukiurefusha maradufu kwa kila oktava, ukishuka oktava saba utahitaji mita 6.4. Hakuna sebule ya kubeba piano hiyo. Basi uzito uongezwe. Lakini waya wa chuma ukinenepa huwa mgumu kama fimbo: ukiwa mnene maradufu, ukakamavu wake hupanda mara 16, na sauti ndogondogo zinazoambatana na noti kuu hupanda kupita mahali pake. Sikio halijui tena ni noti gani. Shaba iliyozungushwa huongeza uzito huku kiini cha chuma kikibaki chembamba na chepesi kupinda. Wapiga udi wa Zanzibar wanaijua siri hii. Nyuzi zao nzito nazo zimezungushiwa waya.

Kazi yenyewe ni ya mkono. Kiini huvutwa kikakazwa kwenye mashine inayokizungusha, fundi akiongoza shaba kwa vidole. Viini vingi vina pembe sita ili shaba ing'ang'anie. Ikilegea, uzi huvuma vibaya au hufa sauti.

Katika nyumba ya wageni nilimolala palikuwa na piano ndogo ya kusimama. Besi yake ilinguruma bila noti, na pale nyuzi za shaba zinapopokewa na waya tupu sauti ilibadilika ghafla, kana kwamba ni piano nyingine. Shaba haikosekani humo. Kinachokosekana ni urefu, na hakuna fundi awezaye kuufidia wote.

Kwa hiyo, msomaji unayetafuta piano kwa ajili ya kanisa, shule au nyumbani, usianzie katikati ya vitufe. Anzia kushoto kabisa, piga noti moja moja ukipanda, na kama huwezi kuitambua noti uliyoisikia, iache piano hiyo.