Mbuzi wa Mzee

Tulipokuwa Garissa, tuliitwa nyumbani kwa mzee mmoja, mtu wa swala ya jamaa, tumsomee ruqya. Wanawe walisema ameingiwa: usiku kucha alikuwa akicheza kamari kwenye simu, na mbuzi 12 walikwisha kuuzwa. Tukamsomea. Mzee alilia, akatuapia kuwa mwenyewe hajielewi.

Kando ya mkeka palikuwa na kisanduku cha dawa yake ya maradhi ya Parkinson, pramipeksoli. Dawa hiyo hufanya kazi ya dopamini, ambayo ubongo wa mgonjwa umepungukiwa nayo, ndipo mikono ikatulia. Hupewa pia wale ambao miguu yao haiwapi usingizi. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo iamshayo hamu, na kwa baadhi ya watu huzuka kamari, ununuzi, ulaji au matamanio yasiyozuilika. Karatasi ya ndani ya kisanduku yaeleza hayo yote. Nasi, tukiri, tulikwisha kumhukumu.

Mkewe alitaka kuitupa. Tukamzuia, kwani kuikata ghafla kuna hatari yake. Asubuhi walimpeleka kwa daktari, naye akaanza kumpunguzia dozi kidogo kidogo. Jioni tulirudi kumwomba mzee radhi, na wanawe wakatufuata.