Umeme Haukukatika

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kipindi cha nahodha kiliharibiwa na umeme. Nimemwambia nahodha mwenyewe, nimemwambia mjukuu wake, nimewaambia wenzangu wanaorekodi podikasti, na nimemwambia hata mke wangu, ambaye saa hiyo alikuwa chumbani akipiga pasi. Si kweli. Umeme haukukatika. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na nililifunika kwa uongo ambao mtoto wa kidato cha tatu aliugundua papo hapo.

Podikasti yenyewe si kubwa. Ni mazungumzo na wazee wa Tanga kuhusu kazi walizozifanya: waliokata mkonge, waliopakia meli, walioshona, walioendesha mabasi. Nairekodi nyumbani, sebuleni, kwa sababu studio hulipiwa kwa saa na mzee haambiwi aharakishe. Nilianza na simu tu. Niliilaza juu ya mto wa kochi katikati yetu, na wala haikuwa mbaya. Mto ulizuia mtetemo, kochi likameza mwangwi, mgeni akawa karibu. Ningebaki hapo hapo ningekuwa salama.

Lakini nilitaka kuonekana. Nilitazama video za vijana wa Marekani wenye taa za zambarau na maikrofoni zilizoshikwa na mkono wa chuma, nikaamini kwamba podikasti ni kile kinachoning'inia mbele ya mdomo. Nikanunua Blue Yeti. Pesa ilikuwa ya ada ya muhula, na ada ikaja kulipwa kwa mkopo wa VICOBA. Hilo mke wangu analijua, kwa hiyo haliingii kwenye maungamo haya.

Ni maikrofoni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila husemewa ubavuni, upande wenye nembo. Mimi mwanzoni nilikuwa nasemea kichwani kwake kama MC wa harusi, nikawa nashangaa kwa nini nasikika niko chumba cha pili. Ina kitufe cha kuchagua isikie upande gani: mbele tu, mbele na nyuma, pande zote, au kulia na kushoto. Watu wawili wakikaa kutazamana huku maikrofoni ikiwa katikati, panapofaa ni mbele na nyuma. Siku ya nahodha nilikuwa nimeshalijua hilo, na kitufe nilikiweka panapotakiwa. Ndiyo maana mpaka leo inaniuma.

Chumba nacho nilikiandaa kama bwana harusi. Sebule yangu ina tailizi chini, saruji ukutani na vioo dirishani, na maikrofoni za kondensa, kama hiyo Yeti, zina masikio makali: husikia friji, kuku wa jirani, bodaboda inayopita mtaa wa pili. Nikatandika mkeka na juu yake zulia. Nikasimamisha godoro nyuma ya kiti cha mgeni, nikafunika kabati la vyombo kwa mablanketi. Friji nikaichomoa, na funguo za pikipiki nikaziweka ndani yake ili nisiweze kuondoka bila kukumbuka kuichomeka tena. Hiyo ni hila ya watu wanaorekodi majumbani, na inafanya kazi. Pangaboi nililiacha lizunguke kwa mwendo wa chini kabisa. Kaskazi ilikuwa imeanza na Tanga ilikuwa inatoa jasho. Sikuona namna ya kumkaribisha mzee kisha nimchemshe.

Nahodha akaja baada ya sala ya adhuhuri, kanzu imepigwa pasi, pete kubwa ya fedha kidoleni, mjukuu wake wa kidato cha tatu nyuma yake. Shikamoo, marahaba, maji, tende. Mjukuu aliponiona nachomoa chaja ya laptopu akauliza kwa nini. Nikamweleza kwa kujigamba kidogo kwamba chaja huweza kuleta mvumo kwenye sauti, kwa hiyo fundi makini hurekodi kwa betri. Akatikisa kichwa kama mtu anayehifadhi jambo. Kweli alilihifadhi.

Sasa nifike kwenye kosa. Nilikuwa na hedifoni, mpya, zimo ndani ya mfuko wake. Kila anayekufundisha kurekodi atakwambia uzivae, kwa sababu macho hayasikii. Sikuzivaa. Nilimtazama mzee aliyeketi mbele yangu, nikaona haiwezekani nikae kitako na kuziba masikio yangu mbele ya mtu wa umri wa babu yangu anayezungumza nami. Kwetu mtu akikuzibia masikio ukiwa unasema, amekutukana. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ina ukweli ndani yake. Lakini kulikuwa na nyingine: mjukuu alikuwa ananipiga picha kwa simu, na hedifoni zilikuwa zinanibana kichwa vibaya.

Programu ninayotumia ni Audacity. Ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na kwa kazi ya nyumbani inatosha na kubaki. Ina tabia moja ambayo sikuijua. Ukiifungua kwanza ndipo uchomeke maikrofoni, haiioni. Inaendelea na ile iliyoikuta, yaani kitundu kidogo cha kusikia kilichomo ndani ya laptopu yenyewe, mpaka uiambie itafute vifaa upya au uifunge na kuifungua tena. Mimi niliifungua mapema ili nionekane niko tayari, nikachomeka Yeti mzee alipokaa. Taa ya maikrofoni ikawaka. Nikabonyeza kitufe chekundu, mistari ya buluu ikaanza kupanda na kushuka, nikaridhika.

Mzee alizungumza zaidi ya saa nzima. Alianza na majahazi ya nazi na karafuu kati ya Pemba na Tanga, akaingia kwenye majina ya pepo na tabia zake, kisha akafika usiku mmoja kwenye mkondo wa Pemba, upepo ulipogeuka na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikagoma kuzunguka mlingoti. Hapo alisahau kwamba anarekodiwa. Akainuka nusu kitini, akawa anagonga meza kwa pete yake kuhesabu mivuto ya mabaharia, anasema na kugonga, anasema na kugonga, na mjukuu wake ambaye bila shaka aliwahi kuisikia hadithi ile akaacha simu. Nami nilikuwa naitazama mistari ya buluu ikiruka kila pete inapogonga, nikisema moyoni: nimekipata kipindi.

Nilisikiliza usiku, kwa hedifoni zile zile. Kilichotangulia ni pangaboi. Halafu pete: ngo, ngo, ngo, inatoboa masikio, maana laptopu ilikuwa juu ya meza ile ile na kitundu chake kilisikia meza kuliko kilivyomsikia mtu. Mzee mwenyewe alikuwa huko nyuma, kama anaongea ndani ya mtungi. Yeti, iliyonunuliwa kwa ada ya mtoto, ilikaa katikati yetu saa nzima kama ua la plastiki.

Nilijaribu kuokoa. Audacity ina chombo cha kupunguza kelele: unakionyesha sekunde chache za kelele tupu, bila mtu kusema, nacho kinaitafuta kelele hiyo kote na kuishusha. Kwa pangaboi kinafaa, kwa kuwa pangaboi halibadilishi wimbo. Kwa pete hakifai, kwa mwangwi hakifai, na ukikaza zaidi kinaanza kumla msemaji pia. Herufi za s zinapotea, maneno yanabaki na mlio wa bati. Umbali nao hauna dawa. Kila ukiongeza mara mbili umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti inayofika moja kwa moja hushuka kwa takriban desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Laptopu ilikuwa pembeni yangu, mzee ng'ambo ya meza. Hakuna kitufe cha kumsogeza mtu karibu baada ya kuondoka.

Asubuhi nikapiga simu. Akapokea mjukuu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, naapa, lakini nilipofungua mdomo likatoka lile jepesi ambalo kila Mtanzania hulikubali bila kuuliza: kaka, wakati nahifadhi faili, umeme ukakatika, kazi yote ikapotea.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Lakini si ulikuwa unatumia betri, kaka?"

Nikasema betri nayo ilikuwa imekwisha. Uongo wa pili juu ya wa kwanza. Akasema sawa, atamwambia babu.

Babu alikubali kurudi. Safari hii sikukosea kitu: hedifoni masikioni, pangaboi limezimwa, maikrofoni imejaribiwa, sauti ya juu kabisa imeachwa nafasi isipasuke. Rekodi ni safi mno. Na haina maana. Mzee alisimulia kama mtu anayesomesha: "kama nilivyokueleza siku ile," "lile jambo la foromali unalijua," "basi ikawa kama nilivyosema." Mkondo wa Pemba ulichukua dakika chache. Hakuinuka kitini, hakugonga meza. Kwa adabu yake alidhani mimi tayari ninayo habari na anachofanya ni kunijazia tu pengo. Hakujua kwamba pengo ni hadithi nzima, kwa kuwa sikumwambia kilichoharibika ni nini. Ningemwambia ukweli, kwamba sauti ipo lakini haifai, ningeweza kumwomba tuisikilize pamoja kisha asimulie upya sehemu ile moja. Uongo wangu ulinifungia mlango huo.

Nilikaa na faili mbili muda mrefu, moja chafu yenye roho na moja safi iliyokufa. Mwishowe nikaenda kwao na flashi yenye zote mbili. Mzee alikuwa amelala, nikamkuta mjukuu barazani. Nikamwambia: umeme haukukatika, mimi ndiye niliyekosea kuchagua maikrofoni, nikaona haya. Akasema, "Nilijua. Nilimwambia babu siku ile ile." Nikamuuliza babu alisema nini. "Alisema twende tu."

Hilo la "twende tu" sijalimaliza kichwani. Mzee wa watu alikuja mara ya pili akijua nimemdanganya, akanywa maji yangu, akala tende zangu, akanijazia pengo. Tangu hapo nimeshamwomba radhi ana kwa ana. Alinisamehe kwa kunibadilishia mazungumzo.

Kipindi kilichotoka ndicho kile kichafu. Nimekata pale palipokuwa hapafai kabisa, nimepunguza pangaboi, nimeziacha pete. Mbele yake nimeweka maneno machache ya kuwaambia wasikilizaji kwamba ubovu wa sauti ni wangu. Baadhi wamelalamika, na wana haki.

Yeti niliiuza. Mahali pake nina maikrofoni mbili za dainamiki, za aina ile ya kushika mkononi, ambazo hazina makuu: husikia kilicho karibu nazo na kupuuza mengi ya mbali. Ile maarufu kuliko zote katika jamii hiyo, Shure SM58, ipo sokoni tangu 1966, na ukiingia ukumbi wowote wa harusi nchini utaiona, ama yenyewe ama ya bandia. Upana wa kiganja kati ya mdomo na maikrofoni, imekaa pembeni kidogo ili pumzi za p na b zipite bila kuipiga, na sponji juu yake. Kwa sebule ya tailizi hii ni nafuu kuliko kupanga magodoro.

Kabla mgeni hajasema la maana, nakwaruza kichwa cha maikrofoni kwa ukucha. Mistari ikiruka, ndiyo inayorekodi. Isiporuka, nafunga programu na kuifungua upya. Halafu narekodi nusu dakika ya maneno ya kawaida, amekula nini, ametokea wapi, nasimamisha, nasikiliza yote. Na simu ya zamani nailaza juu ya mto wa kochi, inarekodi pia, kwa lolote.

Kuhusu kuziba masikio mbele ya mzee, dawa niliipata kwa bibi mmoja mshonaji aliyeniuliza mbona mimi ninasikia na yeye hasikii. Tangu hapo mgeni huvaa hedifoni kwanza, mimi baadaye, na kama hataki namwomba ruhusa nivae mwenyewe. Wengi wanataka. Wakijisikia kwa mara ya kwanza hucheka, halafu wanaisogelea maikrofoni wenyewe bila kuambiwa, na anayegonga meza anasikia alivyogonga.

Kinachohitajika ni hedifoni za pili na kigawanyio cha waya, kile chenye mkia mmoja na matundu mawili. Madukani Kariakoo kinauzwa kwa bei ya chipsi mayai. Kinunue kabla hujanunua maikrofoni.