Mwenye viti analipwa hata kama hakuna anayecheza



Wengi kati yenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Kama uliwahi kualikwa ndoa hapa kwetu ao Kadutu, labda ni mimi niliyekuwa nimeshika mikro, nikiita jina la bwana arusi, la baba mkwe, na la yule mjomba aliyetoka mbali na bahasha yake. Nimeimba kwenye sherehe za watu miaka 14. Kwa hiyo mkuu wa chama aliponiomba niandike juu ya biashara, nilicheka. Nikamwambia: «Mama, mimi ni mtu wa furaha za watu, biashara ninaijua wapi?» Akanijibu: «Andika namna ulivyotoka kwenye matabishi mpaka kwenye viti.» Basi, ninaandika hiyo.

Nianze na aibu yangu. Siku moja ya posho niliimba kwenye ndoa kubwa. Watu walifurahi sana. Nilipoita majina, wenye majina walisimama, wakaja mbele, wakanibandika noti kwenye paji la uso, nyingine wakazitia kwenye kilemba. Usiku ule nilirudi nyumbani na dola 85, mbali na malipo ya kundi. Nililala nikijiona tajiri.

Siku ya kwanza nilinunua kikwembe kipya, maana mwimbaji hawezi kuonekana na nguo moja kila juma. Siku ya pili shemeji alikuja na shida yake, nikampa. Ya tatu nilinunua nyama, wageni wakala. Siku ya nne jioni, mtoto wangu wa kike, aliyekuwa mwaka wa sita wa sekondari, alisimama mlangoni akaniuliza:

«Mama, pesa ya Exetat iko? Prefe anasema mwisho ni kesho.»

Nikamwambia haiko. Mtoto akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo: «Lakini siku ya posho nilikuona na pesa kwenye uso.»

Neno lile lilinikata. Usiku ule nilienda kugonga kwa jirani kukopa, na juma lililofuata niliuza kile kikwembe chini ya nusu ya bei ili nilipe deni. Mtoto alifanya mtihani wake, tena akafaulu, Mungu asifiwe. Lakini mimi nilibaki na swali: je, miaka yote hii ya kushangiliwa imeniachia nini?

Jibu nililipata kwenye ukumbi. Baada ya ndoa nyingine, nilikuwa nimekaa nje nikingojea gari la kundi. Ilikuwa karibu saa sita ya usiku, na tulikuwa hatujalipwa, kwa sababu kamati ya ndoa ilikuwa inagombana juu ya pesa ya vinywaji. Pale ndani kulikuwa mama mmoja anahesabu viti. Hakuna mtu aliyempigia mikono usiku kucha. Hakuna aliyejua jina lake. Nikamuuliza: «Mama, na wewe unangojea malipo?» Akacheka: «Mimi? Mimi nilishalipwa tangu asubuhi, mbele hata kiti kimoja hakijashuka. Kama watu watacheza ao hawatacheza, viti vimelipwa.»

Nilirudi nyumbani na lile neno. Mimi niliyeimba nilikuwa ningali nadai. Yeye ambaye hakuna aliyemtazama alikuwa ameshamaliza.

Tangu siku ile nilianza kuwatazama wanamuziki wakubwa kwa jicho lingine. Mchukue Franco Luambo Makiadi, ambaye wazazi wetu walimcheza mpaka viatu vikaisha. Alizaliwa mwaka wa 1938 huko Sona-Bata, akakulia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Baba yake alikufa mapema. Mama yake alikuwa mwanamke wa sokoni, aliuza maandazi. Na yule mtoto alikuwa anapiga muziki karibu na meza ya mama yake, ili wapita njia wasimame, na waliosimama wanunue. Wamama, mmesikia vizuri? Mbele ya kuwa nyota, Franco alikuwa anamvutia mama yake wateja. Shule yake ya kwanza ya muziki ilikuwa soko.

Mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka 15, alianza kurekodi kwenye studio ya Loningisa. Mwaka wa 1956 yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz, na orkestra ile ikaishi zaidi ya miaka 30. Lakini hakukaa tu kwenye kungoja watu wampigie mikono. Alianzisha nyumba yake mwenyewe ya kutoa sahani za muziki. Alikuwa na ukumbi wake mjini Kinshasa, Un-Deux-Trois, ambako orkestra yake ilipiga. Ukicheza kwenye ukumbi wa mwingine, mwenye ukumbi anakula mlangoni na kwenye vinywaji. Ukicheza kwako, mlango ni wako. Hata wimbo wake Azda wa mwaka wa 1973 ulikuwa wa kutangaza wauzaji wa magari ya Volkswagen. Wimbo ule ulikuwa kazi ya biashara, na watu waliucheza kwa furaha kama wimbo mwingine wowote.

Lakini tusimsifu bila kusema upande wa pili. Franco alipokufa, tarehe 12 Oktoba 1989, wanamuziki na familia walikuja kushindwa kupatana juu ya pesa. Miaka michache baadaye Simaro Lutumba na wenzake walitoka wakaanzisha Bana OK, na jina kubwa lile la OK Jazz likazimika. Kumbe unaweza kujenga miaka 30, na kama mgawanyo haukupangwa vizuri, nyumba inagawanyika ukiwa umeshazikwa. Hilo pia ni somo, na nitalirudilia.

Sasa, kitu gani mwimbaji anakijua ambacho kinaweza kumsaidia mama wa sambaza, wa makala ao wa unga? Mimi ninaona mambo matatu.

La kwanza ni mazoezi. Watu wanaona saa tatu za ndoa, hawaoni jioni nne za kurudilia wimbo mmoja. Biashara vilevile. Mama anayefika ziwani asubuhi sana anachagua sambaza nzuri. Anayefika jua likiwa juu anachukua mabaki, halafu anasema soko ni baya. Hesabu unayoifanya usiku kwenye daftari, hiyo ndiyo mazoezi yako.

La pili ni kutazama watu. Mimi ninapenda nyimbo za taratibu. Lakini nikiona wazee wamesimama, ninaimba za wazee. Vijana wakisimama, ninabadilisha. Mwimbaji anayeimba anachokipenda yeye tu, anabaki anajiimbia. Usiuze kitu kwa sababu jirani anakiuza ao kwa sababu wewe unakipenda. Tazama watu wa barabara yako wanatafuta nini wakirudi kazini na wanakosa nini.

La tatu ni kutosimama ukikosea. Nimesahau maneno ya wimbo mbele ya watu 300. Ukisimama kulia, sherehe imekufa. Unaruka mstari, unaendelea, kosa unalitengeneza kwenye mazoezi. Ukipata hasara ya gunia moja la makala, usifunge meza. Maliza siku, halafu usiku ujiulize kosa lilikuwa wapi.

Lakini kuna kitu ambacho waimbaji wengi hatukijui, nacho ndicho kilichotuua: kelele za furaha si mtaji. Pesa ya kuita majina, ile tunayosema ni kutupa mabanga, ni pesa ya mtu mwingine. Leo anakupa kwa sababu umemsifu. Kesho amehama, amefilisika, ao amempata mwimbaji mwingine, na wewe huna kitu. Wamama wa soko nao wana matabishi yao. Ni ile siku moja ya mwisho wa mwaka ambapo kila kitu kinauzika, ao ile pesa ndugu anatuma kutoka ng'ambo. Ni nzuri, ipokee, shukuru. Lakini usiishi juu yake. Mimi nilijipa sheria: kila matabishi, nusu inaingia kwenye kisanduku mbele sijavua viatu.

Kisanduku chenyewe ni kile cha AVEC yetu. Wengi mnaijua: tuko wamama 22, kila juma kila mmoja ananunua sehemu kulingana na nguvu yake, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali, si kwa yule anayelilinda. Mwisho wa mzunguko tunagawana. Namna hii ya kuweka ilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka wa 1991, na leo imefika mpaka kwetu. Tofauti na likelemba ni hii: likelemba inakupa pesa siku ya zamu yako tu; AVEC inakuwekea, inakukopesha, na faida ya mkopo inabaki kati yenu.

Mwisho wa mzunguko wa kwanza nilipata dola 110. Nikakopa nyingine 100. Nikanunua viti 30 vya plastiki, kila kimoja dola 7, jumla 210. Wakubwa wa nyumba walinicheka: «Umeacha kununua kikwembe, unanunua viti vya watu kukalia?»

Niwape hesabu, maana biashara bila hesabu ni wimbo tu. Nilikodisha kiti kimoja faranga 500. Viti 30 ni faranga 15,000. Nikatoa 3,000 za mbebaji, inabaki 12,000, ambayo wakati ule ilikuwa dola 4 na kitu. Faida ya mkopo kwa miezi mitatu ilikuwa dola 15, kwa hiyo viti vilinigharimu 225. Maana yake vilipaswa kutoka kama mara 52 ndipo virudishe pesa yake: mara moja kila juma, mwaka mzima. Si utajiri wa haraka, ninawaambia ukweli. Deni lenyewe nililipa kwa pesa ya kuimba, maana viti peke yake visingeweza katika miezi mitatu. Lakini baada ya mwaka ule, kila kilichoingia kilikuwa changu. Na kwenye karatasi ya kukodisha niliandika: kiti kikivunjika, mwenye sherehe analipa. Tena nililipwa mbele ya kushusha, kama yule mama wa usiku ule.

Halafu ikafika Februari 2025, vita ikaingia Bukavu. Ninyi wote mlikuwa hapa, sina haja ya kusimulia. Benki zilifunga. Pesa ya mkononi ikawa ngumu kuonekana. Ndoa zikasimama, na mimi nikakaa miezi bila kushika mikro. Mwenye kuimba furaha, furaha ikikosekana, anakula nini?

Viti viliendelea kutoka. Sasa vilienda kwenye vilio. Kiti hakijui kama ni ndoa ao ni kilio, watu wanahitaji kukaa. Sikuomba bei ya ndoa kwa mtu aliyefiwa. Kwa wengine nilichukua nusu, kwa wengine nilitoa bure, na jirani mmoja alinilipa kwa kilo za maharagi. Sitasema nilifanya faida wakati ule. Ninachosema ni kwamba watoto walikula, na sikuuza hata kiti kimoja. Nilipoimba peke yake, kazi yangu ilikuwa na mguu mmoja. Wakati ule ndipo nilijua mguu wa pili una maana gani.

Na lile somo la OK Jazz nimelifuata. Leo viti ni 70, na nusu ni vya watu watatu: mimi na wenzangu wawili wa kundi. Tumeandika kwenye daftari nani aliweka ngapi, nani anachukua ngapi, na kama mmoja akifa ao akihama, sehemu yake inaenda kwa nani. Tumetia sahihi mbele ya mkuu wa chama. Wengine walisema tunaitana kifo. Hapana. Tunawaepusha watoto wetu na ugomvi.

Ninaendelea kuimba, na ninapenda kuimba. Juma lililopita, baada ya ndoa, binti yangu, yule wa Exetat, ndiye aliyehesabu viti. Alikuja kwangu nikiwa ningali natoa noti kwenye kilemba. Akanyoosha mkono akacheka: «Mama, nusu.» Nikampa.

Wamama, katika kazi yako, nani anapigiwa mikono, na nani ameshalipwa? Ukipata jibu, lilete kwenye mkutano wetu. Tutahesabu pamoja.