Njia ya Dansi: Kutoka Kariakoo Hadi Kinondoni

Nikiieleza njia ya shabiki wa muziki wa dansi Dar es Salaam, lazima nianzie Kariakoo, nipite Ilala, nivuke bonde la Jangwani kwenda Magomeni, kisha niishie Kinondoni. Ndiyo ramani ya muziki huu kwa zaidi ya nusu karne, na ukiifuata usiku hupiti jengo moja la fahari. Utakuta ua wa baa uliozungushiwa ukuta, bati pembeni na mbingu katikati, sakafu ya saruji yenye nyufa, viti vya plastiki, nyaya zilizoungwa kwa gundi, choo ambacho mtu huingia akiwa amebana pumzi. Nafunga safari hii nikiwa na hoja moja: kumbi hizi chakavu ndizo zilizoutengeneza muziki wetu wa dansi, na tukiziacha zife tutabaki na kanda za kusikiliza bila bendi za kuchezea.

Ushahidi wa kwanza uko Kariakoo. Mwaka 1978 bendi mpya ilianzishwa kwenye baa ya Mlimani Park, ikawachukua Muhidin Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka kutoka JUWATA Jazz. Mwaka 1983 Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, likaichukua bendi hiyo, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumba yake, nayo mashabiki wakaiita Sikinde. Hebu fikiria hali ya mwanamuziki wa wakati ule. Tanzania Bara redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, na ndiyo iliyokuwa na studio. Redio za watu binafsi zilikuja mwaka 1994. Kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri hakikuwapo nchini, Nairobi ndiko zilikotengenezwa, na mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983. Bendi ingejipatia wapi jina? Palikuwa na sakafu tu. Wimbo ulipigwa mbele ya watu wiki baada ya wiki, ukakosolewa kwa miguu. Watu wakikaa chini, kuna kitu hakijakaa sawa. Wakiinuka kabla mwimbaji hajamaliza beti, umepita. Nyimbo tunazozitamani leo, zile za redioni zilizorekodiwa kwa maikrofoni chache, ziliingia studio zikiwa zimekwisha kuchujwa na wachezaji wa Kariakoo.

Hata umbo la wimbo wa dansi linaonyesha mahali ulipozaliwa. Sehemu ya kwanza huenda taratibu, yenye kisa: mke aliyeachwa, ndugu asiyesaidia, mlevi anayemaliza mshahara. Hiyo ni sehemu ya kusikiliza, na inahitaji ukumbi ambao aliye mbali kabisa bado anaona uso wa mwimbaji. Kisha magitaa yanafunguka, tarumbeta zinaitika, na chemko linaanza. Hapo hakuna dakika zilizopangwa. Mpiga gitaa la solo huwatazama wanaocheza, naye huendelea maadamu wao wanaendelea. Shabiki hupanda na noti yake, humtuza mwimbaji kifuani au kwenye paji la uso, kisha hurudi kucheza. Yote haya hayawezekani pale ambapo kati ya msanii na mtu kuna uzio wa chuma na walinzi. Ukaribu ule uliletwa na ufinyu wa mahali, nami sioni aibu kuutetea.

Ukitoka Kariakoo kwenda Ilala, unafika Amana, mahali ambapo mashabiki wa Msondo wanapajua vizuri. Bendi hii ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikageuka nacho. Kikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Mwishowe vyama vikajitoa, na jina lililobaki ni la mtindo wake, Msondo Ngoma. Kwangu mimi hiki ni kipimo kizito. Mwenye bendi alibadilika mara kadhaa, sera ya nchi ikapinduka kutoka Ujamaa kwenda soko huria, lakini watu waliolipa kiingilio hawakuhama. Sikinde nayo ilitikiswa mwaka 1985 pale Orchestra Safari Sound ilipowang'oa wanamuziki wake wakuu, Gurumo akiwa miongoni mwao, wakaenda kuanzisha mtindo wa Ndekule. Bendi isiyo na ukumbi wa kila wiki ingekufa. Sikinde haikufa, na Gurumo mwenyewe baadaye alimalizia safari yake ya jukwaani Msondo, kabla ya kufariki mwaka 2014.

Hapo Jangwani, bonde ambalo mvua kubwa ikinyesha huukata mji vipande viwili, mapingamizi yananijia, nayo si mepesi. La kwanza ni la usalama. Sikukuu ya Idd mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika disko lililojazwa kuliko uwezo wa chumba. Anayesema uchakavu una utamu wake aanze kwa kuwakumbuka wale. Najibu kwamba kilichowaua ni tamaa ya kujaza na ukosefu wa hewa na njia za kutokea, na hayo yana dawa yake: mlango wa pili unaofungukia nje, idadi ya watu iliyoandikwa na kusimamiwa, fundi umeme wa kweli. Hakuna hata moja linalohitaji ukumbi wa mabilioni. Na wala sitaki mtu adhani natetea choo kichafu. Mwanamke anayekuja kucheza anastahili mlango wa choo wenye komeo na taa njiani, na wenye kumbi wamelipuuza jambo hili kwa muda mrefu mno.

La pili linauma zaidi: wanamuziki wengi wa dansi wamezeeka maskini, je, si kumbi hizi ndizo zilizowaweka katika umaskini huo? Nimelitafakari, nami naona mkosaji yuko kwingine. Redio zilicheza nyimbo zao miaka na miaka bila kuwalipa kwa kila kurushwa, na kanda zao zilinakiliwa na kuuzwa mitaani na watu wasiowajua. Sheria iliyounda COSOTA, chombo cha hakimiliki, ilikuja mwaka 1999, wakati wengi walikuwa wamekwisha kutoa kazi zao bora. Katika miaka yote hiyo, fedha ya mlangoni ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

Wengine huniambia niangalie vijana: Bongo Fleva imeingia ukumbi wa Diamond Jubilee, imeingia viwanja vya mpira, kuna taa na moshi. Nalikubali, na nafurahi msanii kijana akilipwa vizuri. Lakini tamasha la uwanjani huja mara chache kwa mwaka, tiketi yake ni posho ya siku kadhaa kwa mbeba mizigo wa Kariakoo, na mara nyingi msanii huimba kwa pleibeki. Mpiga besi kijana atajifunzia wapi? Magomeni na Kinondoni ndiko bendi kama Vijana Jazz, na baadaye Twanga Pepeta pale Mango Garden, zilikokuza wapigaji na wanenguaji kwa kuwapandisha jukwaani kila wiki, wakikosea mbele ya watu na kusahihishwa na wakubwa zao usiku uleule.

Limebaki la kelele, na hili ni la majirani, ambao wana haki ya kulala. Mwaka 2023 Baraza la Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu hiyo. Kufunga ni rahisi. Manispaa, zinazotoza leseni na ushuru kwenye kumbi hizi, zingeweza kudai ukuta mrefu upande wa nyumba za watu, spika zitazame ndani, bendi ianze saa mbili na kumaliza saa sita, na kumpa mwenye ukumbi muda wa kutimiza kabla ya kufuli kutundikwa.